Vasili Arkhipov, ofisa wa nyambizi aliyezuia torpedo ya nyuklia

Vasili Arkhipov alizaliwa mwaka 1926 katika familia ya wakulima karibu na Moscow. Alipokua alijiunga na jeshi la majini la Umoja wa Kisovieti, akawa ofisa wa nyambizi, meli za kivita zinazosafiri chini ya maji.

Mwaka 1961 alikuwa ndani ya K-19, nyambizi ya nguvu za nyuklia, mfumo wa kupoza kinu chake ulipoharibika. Mabaharia wanane walikufa kwa mionzi ndani ya wiki chache. Arkhipov alinusurika.

Oktoba 1962 alikuwa karibu na Cuba, ndani ya B-59. Herufi B kwa Kirusi ilimaanisha nyambizi kubwa. Marekani na washirika wake waliiita aina hiyo Foxtrot. Waliijua kuwa inatumia dizeli na betri, lakini hawakujua kwamba ilibeba torpedo moja ya nyuklia. Wakaiangushia baruti ndogo ili ipande juu.

Ndani joto lilikuwa kali, betri zinaisha, na mawasiliano na Moscow hakuna. Kwa mujibu wa waliokuwamo, nahodha alidhani vita vimeanza, akataka torpedo hiyo iandaliwe. Arkhipov, mnadhimu wa kikosi, alipinga na kumtuliza. Nyambizi ikaibuka.

Arkhipov alifariki mwaka 1998. Kisa hiki kilijulikana sana duniani mwaka 2002.

Tunaposikia habari za nyambizi, hutajiwa aina na silaha zake. Tuulize pia ni nani anayeamua mle ndani.