Lamborghini alianza na malori ya jeshi

JINA la Lamborghini linajulikana kwa magari ya kifahari, lakini mwenye jina hilo alipata mtaji wake kwa wakulima.

Ferruccio Lamborghini alizaliwa mwaka 1916 huko Renazzo, kaskazini mwa Italia, katika familia ya wakulima wa zabibu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa fundi wa magari ya jeshi katika kisiwa cha Rhodes.

Alirejea nyumbani mwaka 1946 na kufungua gereji mjini Pieve di Cento. Wakulima walihitaji matrekta, lakini mapya yalikuwa ghali. Lamborghini alinunua malori na mitambo ya jeshi iliyobaki baada ya vita, akaifumua, na injini za Morris akazifunga kwenye matrekta aliyoyaita Carioca.

Kikwazo kilikuwa mafuta. Injini hizo zilitumia petroli, iliyokuwa ghali kwa mkulima. Akabuni kifaa kilichowezesha injini kuwashwa kwa petroli, kisha ikaendelea kwa dizeli, iliyokuwa nafuu.

Mwaka 1948 alianzisha kampuni ya matrekta, ambayo faida yake ilimwezesha kuanza kuunda magari mwaka 1963. Kampuni hiyo ya matrekta aliiuza mwaka 1973, akarudia kilimo cha zabibu mkoani Umbria. Alifariki mwaka 1993.

Kwa anayenunua lori au trekta la mtumba, hesabu ni ileile: bei ya kununulia ni mwanzo tu. Mafuta na vipuri ndivyo vinavyoamua faida.