Ben Hogan, bingwa wa golfu aliyejirekebisha mwenyewe

Katika golfu, kosa mara nyingi huanza mbele fimbo haijatikisika: mtu amesimama vibaya. Ben Hogan alifundisha hivyo.

Alizaliwa Texas, Marekani, mwaka wa 1912. Baba yake alijiua mwaka wa 1922. Mtoto alianza kubebea wachezaji mifuko mjini Fort Worth ili kupata pesa.

Alipokuwa mchezaji wa kulipwa, mipira yake ilipinda sana kushoto. Alifanya mazoezi kwa miaka mingi mpaka akaondoa kosa hilo.

Tarehe 2 mwezi wa pili 1949, basi liligonga gari lake. Alijitupa mbele ya mke wake, Valerie, amkinge. Alivunjika nyonga na kifundo cha mguu. Waganga waliogopa hatatembea tena. Mwezi wa sita 1950 alishinda US Open, miguu ikiwa imefungwa bandeji.

Kitabu chake cha 1957 kinaeleza: miguu ipanuliwe sawa na mabega, magoti yakunjwe kidogo, mwili ushuke kama wa mtu anayetaka kukalia kiti kirefu, mgongo ubaki umenyooka.

Alishinda mashindano makubwa 9. Alikufa Fort Worth mwaka wa 1997.