RUDOLF VIRCHOW: DAKTARI ALIYEWATETEA WANYONGE

Kila mwaka katika jarida hili la chama chetu, wenzangu huandika kuhusu wanasiasa, wanariadha na waimbaji. Mimi mwaka huu nimeonelea niwaletee maisha ya daktari mmoja wa Ujerumani aliyefariki zaidi ya miaka 120 iliyopita. Najua wengine mtasema, aah, daktari wa Ujerumani anatuhusu nini sisi? Subirini kwanza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu ni mkuu kwelikweli.

Yeyote aliyepita kidato cha kwanza amesoma kuhusu seli katika somo la Bayolojia. Tulifunzwa kwamba seli haichipuki kutoka hewani, bali kila seli hutokana na seli nyingine iliyoitangulia. Aliyeieneza fikra hiyo duniani ni Rudolf Virchow, kwa kitabu chake cha mwaka 1858. Wengi wetu tulilikariri jina lake kwa ajili ya mtihani, basi, tukafunga daftari. Mimi nilipoendelea kusoma habari zake niligundua kwamba seli ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba mwaka 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, eneo la Pomerania, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Siku hizi mji huo uko nchini Poland na huitwa Świdwin. Alikuwa mtoto wa pekee. Babake alikuwa mkulima na pia mtunza hazina wa mji. Hawakuwa mafukara wa kutupwa, lakini pia hawakuwa na mali ya kuringia. Kilichomwokoa kijana huyu ni bidii yake masomoni. Mwaka 1839 alipata ufadhili wa kusomea udaktari katika chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin, na mwaka 1843 akahitimu. Baadaye alifanya kazi katika hospitali ya Charité, akiwachunguza maiti ili ajue kilichowaua. Hata kabla hajatimiza miaka 25 alikuwa ameandika kuhusu ugonjwa wa damu ambao yeye mwenyewe aliupa jina la lukemia. Kijana alikuwa moto wa kuotea mbali!

Lakini mambo yaliyombadilisha hayakutokea katika maabara. Mwanzoni mwa mwaka 1848 habari zilifika Berlin kwamba watu wanakufa kama nzi katika jimbo la Silesia ya Juu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa tifasi. Msiuchanganye na homa ya matumbo, hiyo ni nyingine. Tifasi humpa mtu homa kali, vipele mwilini na kuweweseka, na wengi hawakuwa wakipona. Magazeti yalipoanza kupiga kelele, serikali ikaona aibu na kumtuma Virchow akachunguze. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu.

Virchow alikaa huko muda wa kama wiki tatu, akipita katika vijiji vya sehemu za Rybnik na Pless. Aliingia ndani ya nyumba za watu. Alikuta familia nzima imerundikana katika chumba kimoja, wazima na wagonjwa pamoja, na mara nyingine mifugo humo humo. Chakula chao kikuu kilikuwa viazi, na viazi vilikuwa vimeharibika shambani, kwa hivyo njaa ilitangulia na maradhi yakafuata. Wakazi wengi walizungumza Kipolandi, ilhali maafisa waliowatawala walitumia Kijerumani. Mkulima akienda ofisini kueleza shida yake, haeleweki. Mashamba makubwa na machimbo yalikuwa mali ya matajiri, na wengi wa matajiri hao hawakuishi huko. Shule zilikuwa chache na duni. Ama kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Sasa hapa ndipo pana utamu wa kisa. Serikali ilimtarajia daktari huyu arudi na orodha ya dawa, labda pia aseme wanakijiji waoge zaidi. Virchow alirudi na ripoti ndefu iliyowashangaza wakubwa. Alieleza ugonjwa ulivyo, naam, kama daktari yeyote. Kisha akasema kwamba chanzo chake hasa ni jinsi watu wale walivyotawaliwa. Dawa aliyoiandika haikuuzwa katika duka lolote. Alitaka watu wapewe elimu, tena kwa lugha yao wenyewe. Alitaka wawe na uhuru na sauti katika serikali. Alitaka kodi iwaondokee maskini iwaangukie walio nacho. Alitaka barabara zijengwe, kilimo kiboreshwe na watu waungane katika vyama vya ushirika. Kwa maoni yake, bila mambo hayo ugonjwa ungerudi tu, hata kama madaktari mia wangepelekwa.

Ndugu msomaji, hebu tafakari. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba tifasi huenezwa na chawa. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1909 na Charles Nicolle kule Tunis, miaka saba baada ya Virchow kufa. Kwa hivyo Virchow hakumjua mdudu. Hata hivyo alijua mdudu huyo, awe nani awe nani, angempata nani kwanza. Chawa hupenda mahali ambapo watu wamesongamana, hawana nguo ya kubadilisha wala kuni za kuchemshia maji. Mtu mwenye nyumba kubwa na sanduku la nguo alikuwa na kinga, na yule mwenye shati moja alikuwa hana. Virchow aliuona mti ingawa hakuuona mzizi wake.

Aliporejea Berlin mwezi wa Machi mwaka huo huo alikuta mji umechafuka. Watu walikuwa wameinuka dhidi ya mfalme wakidai katiba na uhuru. Daktari wetu hakujificha chini ya kitanda. Alijiunga na waliojenga vizuizi barabarani. Mwezi wa Julai akaanzisha gazeti la kila wiki kuhusu mabadiliko katika udaktari. Humo alifundisha kwamba udaktari ni elimu ya jamii, na kwamba daktari ni mtetezi wa maskini kwa asili ya kazi yake. Gazeti hilo lilidumu mwaka mmoja tu. Mapinduzi yalizimwa, na yeye akaandamwa na serikali hata akapoteza nafasi yake Berlin. Mwaka 1849 akahamia Würzburg kuwa profesa. Huko ndiko alikoendelea na kazi ya seli. Kumbe mkono uliopanga mawe barabarani ndio huo huo ulioshika hadubini!

Mwaka 1856 Berlin ilimwita arudi, kwa sababu sifa zake zilikuwa zimevuma na hakuna aliyemfikia. Wengi wangekaa kitako wale mshahara wao kwa amani. Yeye hakukaa. Mwaka 1859 alichaguliwa katika baraza la mji wa Berlin, na alibaki humo hadi kufa kwake. Mwaka 1861 alisaidia kuanzisha chama cha kisiasa cha wapenda maendeleo na kuingia bunge la Prussia. Bungeni alimkabili Otto von Bismarck, waziri mkuu aliyeogopwa na wengi, akipinga fedha kutumiwa ovyo bila idhini ya bunge. Mwaka 1865 Bismarck alikasirika hata akamtaka wapigane pambano la silaha ana kwa ana. Virchow alikataa. Mimi namsifu kwa hilo, kwani ubishi wa bungeni haumalizwi kwa risasi.

Kazi yake ambayo mimi naipenda zaidi ni ya mitaro. Msicheke! Berlin ya wakati ule ilikuwa na watu wengi sana na maji machafu yalipita wazi kando ya barabara, harufu yake ikikata pua. Virchow na wenzake walichunguza jambo hilo kwa miaka. Walisaidiana na mhandisi James Hobrecht, na mwaka 1873 ujenzi wa mabomba ya chini kwa chini ukaanza. Mji uligawanywa katika sehemu 12, kila moja na mitambo yake ya kusukuma maji taka hadi mashamba ya nje ya mji. Mabomba hayo hayakuuliza huyu ni nani na yule ni nani. Yalipita chini ya jumba la tajiri na chini ya nyumba ya kupanga ya kibarua. Aidha alipigania hospitali za umma zijengwe, na ile ya Friedrichshain ikafunguliwa mwaka 1874. Pia alipigania nyama ikaguliwe kabla ya kuuzwa, kwa sababu ya minyoo hatari waliokuwamo katika nyama ya nguruwe. Ukiona muhuri juu ya nyama katika bucha ya hapa kwetu, ujue kuna watu kama hao waliosumbuka zamani.

Fauka ya hayo, aliongoza uchunguzi wa watoto wa shule zaidi ya milioni 6 kote Ujerumani, ukiangalia rangi ya nywele, ya macho na ya ngozi. Walikuwapo watu waliodai kwamba Wajerumani ni kabila safi na Wayahudi ni wageni wasiofanana nao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1886 yalionyesha mchanganyiko mtupu kila mahali. Laiti waliokuja kutawala Ujerumani baadaye wangemsikiliza!

Lakini nisimpake Virchow mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa binadamu na alikuwa na makosa yake. Ignaz Semmelweis alipofundisha kwamba madaktari wakinawa mikono mama waliojifungua hawatakufa kwa homa, Virchow hakumuunga mkono. Hata wenzake walipogundua viini vya maradhi, yeye alichelewa kukubali kwamba viini hivyo ndivyo chanzo kikuu. Mfupa wa fuvu la mtu wa kale uliopatikana bonde la Neander aliuona kuwa wa mtu mgonjwa tu. Kwa hivyo mjuzi wa mengi naye huteleza. Kwangu mimi haya hayamshushi. Yananionyesha kwamba tunahitaji wote wawili: anayemtafuta mdudu katika hadubini, na anayeuliza kwa nini mdudu huyo anawamaliza watu wa upande mmoja wa mji.

Mnamo Januari mwaka 1902 aliruka kutoka kwenye tramu mjini Berlin, akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja. Hakupona sawasawa. Alifariki tarehe 5 Septemba mwaka huo, akiwa na miaka 80. Mji aliousafisha ulimzika kwa heshima kubwa.

Sasa turudi kwa swali lile la kwanza: anatuhusu nini? Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na wengi wenu mnaujua mtaa kama wetu. Maji hununuliwa kwa mtungi. Wanaonunua kwa mtungi hulipa bei ya juu kuliko wenye mfereji ndani ya nyumba, na huo si uongo, muulizeni mama yeyote. Choo kimoja hutumiwa na nyumba nyingi. Kipindupindu kikizuka, maneno huanza: ati watu wa mtaa ule ni wachafu, ati hawataki kunawa. Nimeyasikia hata humu shuleni. Jameni, mama mwenye mitungi miwili kwa siku, watoto wanne na sufuria ya kupika, anawe kwa maji yapi? Si kwamba kunawa si muhimu. Ni muhimu sana, na Semmelweis alikuwa sahihi. Lakini kumwambia mtu anawe bila kumletea maji ni kumpa kiatu asiye na mguu.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata afya bora, maji safi ya kutosha, makao yanayofaa na chakula. Kwa hivyo hatuombi sadaka tunapodai haya. Virchow hakuwa na katiba kama hiyo mkononi mwake, lakini alisema vilevile.

Wenzangu, miongoni mwetu wapo watakaokuwa madaktari, wauguzi, wahandisi na madiwani. Atakayekuwa daktari aulize mgonjwa anatoka wapi na anakunywa nini, wala asitosheke na kumwandikia tembe. Atakayekuwa mhandisi asione haya kujenga mitaro. Atakayekuwa diwani akumbuke kwamba bomba la maji taka huokoa watu wengi ingawa halipigwi picha. Na sisi tuliobaki tuache kuwacheka wagonjwa, tuanze kuuliza mfereji uko wapi.

Nafasi niliyopewa na mhariri imejaa. Kwa herini, na tukutane katika toleo lijalo, Mungu akipenda.