Shyaam, mfalme wa Wakuba anayekumbukwa kwa ubao wa mchezo

LUBUMBASHI – Jioni katika kartye Naviundu, kama katika kartye nyingine nyingi za Lubumbashi, vijana wengi hupitisha saa zao mbele ya ekrani. Kuna wanaocheza mpira wa PlayStation, wawili wawili, kila mmoja na maneti yake mkononi. Kuna wanaocheza kwenye simu. Na kuna wale ambao hawachezi chochote: wanangoja tu kuona kama timu ya Ulaya waliyoiwekea pari itashinda. Wote husema wako katika mchezo. Lakini ni mchezo gani unaobaki ndani ya mtu miaka nenda miaka rudi, ule ambao siku moja atawafundisha watoto wake?

Karibu miaka 400 iliyopita, mfalme mmoja wa inchi yetu alikutana na jambo linalofanana na hilo, na jibu lake linaonekana kwa macho hadi leo. Huyo ni Shyaam aMbul aNgoong, mfalme wa Wakuba wa Kasai, ambaye vitabu vya zamani vinamwandika Shamba Bolongongo. Mfalme angeweza kukumbukwa kwa mkuki, kwa ngoma ya vita au kwa ngozi ya chui. Shyaam anakumbukwa kwa ubao wa mchezo.

Mtoto aliyetaka kuona inchi za wengine

Ufalme wa Wakuba uko kati ya mto Kasai na mto Sankuru, na makao yake makuu ni Mushenge, ambao wenyewe huuita Nsheng, katika teritware ya Mweka. Mfalme wao huitwa nyim. Wataalamu wa historia huweka mwanzo wa utawala wa Shyaam karibu na mwaka 1625.

Kuzaliwa kwake kunasimuliwa kwa namna mbalimbali. Wengine husema alikuwa mtoto wa kulelewa wa malkia. Wengine husema mama yake alikuwa mtumwa, na kwamba kiti cha ufalme hakikuwa chake kwa haki ya ukoo. Masimulizi hayo yote yanakubaliana juu ya jambo moja: Shyaam hakukaa nyumbani kungojea madaraka. Alisafiri kuelekea magharibi, akafika kwa Wapende na katika inchi za ufalme wa Kongo, ambako biashara ya pwani ya Atlantiki ilikuwa imekwisha kuleta vitu vipya. Alitaka kujua namna watu wengine wanavyoishi na namna wanavyotawaliwa.

Aliporudi, hakurudi mikono mitupu. Masimulizi ya Wakuba yanasema aliwaletea watu wake mihogo, mahindi, maharagwe na tumbako. Tunajua kwamba mihogo, mahindi na tumbako vilitoka Amerika na kuingia Afrika kupitia Atlantiki, kwa hiyo masimulizi hayo yanalingana na njia ambayo mazao hayo yalipita. Anasifiwa pia kwa kuwafundisha watu kusuka nguo za rafia, kazi ambayo leo imewafanya Wakuba wajulikane duniani kote kwa vitambaa vyao vyenye michoro. Na alipanga upya mambo ya baraza: nani anashauri, nani anahukumu, nani anabeba cheo gani. Ukoo wake ukashika ufalme.

Kisu kilichokatazwa

Wafalme wengi husifiwa kwa vita walivyoshinda. Masimulizi juu ya Shyaam yanakwenda upande mwingine. Wakuba walikuwa na silaha iitwayo shongo, kisu cha kurusha chenye makali zaidi ya moja, ambacho kilimfikia adui kabla hajasogea karibu. Yasimuliwa kwamba Shyaam aliikataza. Mahali pake akaweka ikul, kisu kifupi ambacho mwanaume hukibeba mkononi kama alama ya heshima na amani.

Katika masimulizi hayohayo ndipo unapoingia mchezo. Watu wa Shyaam walipenda sana kamari. Mtu angeweza kuamka na mali na kulala bila kitu, na mshindi hakuwa ametumia akili wala nguvu kumshinda mwenzake, ila bahati tu. Mfalme hakuwaambia waache kucheza. Aliwaletea mchezo mwingine aliouona safarini: ubao wenye mashimo na mbegu, ambao Wakuba huuita lyeel.

Msomaji wa Lubumbashi haitaji kuelezwa mbali. Ni ndugu wa kisolo ambao Waluba wanaujua. Huko Rwanda na Kivu unajulikana kama igisoro, Uganda ni omweso, na kwenye pwani ya Waswahili ni bao, wenye mashimo 32 na kete 64. Wataalamu huweka michezo hiyo yote katika jamii moja inayoitwa mankala. Kanuni hutofautiana kutoka inchi hadi inchi, lakini mzizi ni mmoja: unachota mbegu katika shimo moja, unazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, na namna mbegu ya mwisho inavyoangukia ndiyo inayoamua kama umekula za mwenzako au zamu imepita.

Kwa nini mchezo huu?

Hapa ndipo maisha ya Shyaam yanapogusa swali la vijana wetu. Kamari na lyeel vyote ni michezo. Vyote vina ushindani, vyote vinachemsha damu, vyote vinakusanya watu. Tofauti iko mahali pamoja: nani anaamua mwisho.

Katika kamari, mwisho uko nje ya mchezaji. Akishinda hajui kwa nini, akishindwa hajifunzi kitu, na kesho anarudi akiwa vilevile, ila mfuko umepungua. Katika lyeel, wachezaji wote wawili wanaanza sawa. Hakuna kilichofichwa: kila mbegu iko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Anayeshindwa anaweza kurudi nyuma katika mawazo yake na kuona ni shimo gani alilochota vibaya. Kesho atacheza tofauti. Baada ya mwaka mmoja atakuwa mtu mwingine mbele ya ubao uleule.

Mchezo haudumu kwa sababu ya uzuri wa ubao. Ubao unaweza kuwa wa mti uliochongwa kwa ustadi, na unaweza kuwa mashimo yaliyochimbwa kwa vidole katika udongo. Mchezo ni uleule, kwa sababu kinachokua ni kichwa cha anayecheza.

Michezo ya video nayo imepita katika kipimo hicho. Mwaka 1984, huko Moscow, Alexey Pajitnov alitengeneza Tetris kwenye kompyuta ambayo haikuweza hata kuonyesha picha. Vipande vya mchezo vilichorwa kwa alama za maandishi tu. Hakuna hadithi ndani yake, hakuna shujaa wala adui. Vipande vinashuka, na mchezaji anaamua pa kuviweka. Bahati ndiyo inayochagua kipande, lakini kazi ya kukipatia mahali ni ya mchezaji. Zaidi ya miaka 40 imepita na watu bado wanaucheza, huku maelfu ya michezo yenye picha za kung'aa imekwisha sahauliwa.

Michezo ya mpira wa PlayStation inatoa mfano mwingine. Kila mwaka kunatoka toleo jipya, na mwaka 2023 hata jina lilibadilika, kutoka FIFA kuwa EA Sports FC. Toleo la zamani linatupwa pembeni. Hata hivyo, muulize kijana anayeupenda ni siku gani haisahau: mara nyingi hatakutajia toleo lenye nyasi safi kuliko mengine. Atakutajia siku aliyomfunga kaka yake mkubwa kwa mara ya kwanza, au rafiki aliyekuwa akicheza naye kabla hajahamia mji mwingine. Kinachodumu ni kile mchezaji alichokifanya mwenyewe, na mtu aliyekuwa ameketi kando yake.

Pari ya simu haiachi kumbukumbu ya namna hiyo. Mwanafunzi anayeweka franka zake za usafiri juu ya mechi inayochezwa mbali hana kanuni ya kujifunza wala hatua ya kurekebisha. Anayeshinda kila wiki ni kampuni inayopokea pari. Ugonjwa ambao Shyaam aliukuta kwa watu wake unajulikana vema katika mitaa yetu, na umeingia ndani ya simu. Wengi wanapojaribu kuutibu, hukataza tu. Mfalme wa Wakuba aliona kwamba mtu anayependa kucheza haachi kwa kukatazwa. Anaacha anapopata mchezo ulio bora.

Sanamu isiyofanana na sura

Baada ya miaka mingi, mafundi wa Wakuba walianza kuchonga sanamu za wafalme wao, ziitwazo ndop. Mfalme huonyeshwa ameketi, miguu imekunjwa, uso umetulia, kisu cha ikul kiko katika mkono wa kushoto. Sanamu hizo hazikukusudiwa kufanana na sura ya mtu. Nyuso zake zinakaribiana sana, kwa sababu fundi alichonga ufalme wenyewe: utulivu, hekima na heshima.

Basi mtu atajuaje ni mfalme gani? Kwa alama moja tu iliyochongwa mbele ya miguu, iitwayo ibol. Kila mfalme ana yake. Mfalme Mishe miShyaang maMbul, aliyetawala katika karne ya 18, ana ngoma. Shyaam ana ubao wa mchezo. Uondoe ubao huo na hakuna atakayeweza kusema kwa hakika kwamba aliyeketi pale ni mwanzilishi wa ukoo wa wafalme. Ubao ndio jina lake.

Sanamu yake ilichongwa muda mrefu baada ya kifo chake. Wataalamu wengi wanaiweka katika karne ya 18. Maana yake ni kwamba watu ambao hawakuwahi kumwona, wakiwa na masimulizi ya mihogo, ya nguo za rafia, ya sheria na ya amani, walipotafuta kitu kimoja cha kumtambulisha milele, walichukua mchezo. Hawakuona kwamba ni jambo la kitoto. Katika ubao waliona mambo yote aliyoyafanya: kupanga, kuhesabu, kungoja zamu, kushindana bila kumwaga damu.

Njia ya kwenda London

Mwaka 1908, Emil Torday, mtafiti kutoka Hungaria aliyekuwa akikusanya vitu kwa ajili ya British Museum, alifika Mushenge. Alipokelewa na nyim Kot aPe. Wazee wa baraza walimsimulia orodha ndefu ya wafalme na matendo yao, naye akaandika. Sehemu kubwa ya masimulizi juu ya Shyaam, kamari na mchezo wa mbegu imetufikia kwa njia ya maandishi yake. Baadaye Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji, aliyachunguza masimulizi ya Wakuba kwa miaka mingi na kuyapima moja moja.

Torday aliondoka pia na sanamu kadhaa za wafalme, na ile ya Shyaam ikawa kati yake. Iliingia British Museum, London, mwaka 1909, na bado ni mali ya jumba hilo. Mkongomani anayetaka kumwona mfalme huyo na ubao wake anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege, na wengi wetu hawatavipata. Wakati huo, michezo mingi ambayo watoto wetu wanajua majina yake yote imetungwa Japani, Marekani na Ulaya, na inachezwa kwenye simu ambazo nyingi kati yake zina betri za kobalti, madini ambayo sehemu kubwa yake inachimbwa Katanga.

Hakuna ubaya kuipenda michezo ya wengine. Shyaam mwenyewe aliuchukua mchezo wake safarini. Alichofanya ni kuchagua: alitazama yote aliyoyaona njiani na kubeba ule ambao ungewaacha watu wake wakiwa na akili zaidi kuliko walivyoanza. Sanamu yake ina urefu wa zaidi kidogo ya nusu meta, imekaa nyuma ya kioo katika mji wa mbali, lakini mchezo wenyewe haukuwekwa nyuma ya kioo. Haudai umeme, haumalizi mega za intaneti, na hakuna kampuni inayoweza kuufunga. Unahitaji mbegu, mashimo katika udongo, na mtu mmoja aliye tayari kuketi mbele yako na kufikiri.