Kimweri ye Nyumbai na Mji wa Vuga

Katika somo la jiografia tulifundishwa habari za miji ya mabonde ya Wales, iliyostawi kwa makaa ya mawe. Migodi ilipofungwa, kazi zikaisha na vijana wengi wakahama. Mimi niliyezaliwa katika milima hii ya Usambara niliukumbuka mji wetu wa Vuga, na mfalme wake Kimweri ye Nyumbai. Habari zake nitazieleza kwa ufupi.

Kimweri alikuwa wa uzao wa Mbegha, yule mwindaji aliyeanzisha ufalme wa Wakilindi. Alitawala miaka mingi, na nchi yake ilishuka toka milimani ikapita Bonde mpaka karibu na pwani. Aliwaweka wanawe kuwa machifu wa sehemu mbalimbali, lakini mashauri makubwa yaliamuliwa Vuga, na kodi ya ng'ombe na vitu vingine ililetwa huko. Watu waliamini kuwa ana uwezo juu ya mvua. Padre Krapf alipofika mwaka 1848 alikuta nchi yenye amani na utii. Basi Vuga iliishi kwa kodi ile, kama miji ya Wales ilivyoishi kwa makaa.

Lakini biashara ya pembe na watumwa ilikuwa ikizidi, na misafara yake ilipita chini tambarare. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde kando ya njia hiyo, akajipatia bunduki na baruti. Burton na Speke walipopanda Vuga mwaka 1857, walimkuta mfalme ni mzee sana na mgonjwa. Akafariki mwaka 1862, akarithiwa na mjukuu wake Shekulwavu.

Mwaka 1868 Semboja aliishambulia Vuga, na Shekulwavu akakimbia. Hata aliposhinda, Semboja hakutaka kuhamia Vuga. Alimtawaza mwanawe huko, mwenyewe akabaki Mazinde penye biashara. Vita vikaendelea miaka mingi, na Washambaa wengi wakauzwa utumwani.

Likizo iliyopita nilikwenda Vuga pamoja na babu. Njiani aliniuliza kama nitarudi milimani nikimaliza masomo, au nitashuka Tanga na Dar es Salaam kama wenzangu. Sikuwa na jibu. Wanafunzi wenzangu, swali hilo ni letu sote, na tulifikiri mapema.