Mary Shelley na Barua ya Babaye

Wanafunzi wa fasihi wanamjua Mary Shelley kwa riwaya yake Frankenstein, iliyochapishwa London mwaka 1818. Ni wachache wanaojua kwamba alipoianza, mwaka 1816, alikuwa amekwisha kufiwa na mtoto. Mimi ni mtu wa isimu. Kinachonivuta katika maisha yake ni maneno aliyoambiwa kila alipofikwa na msiba.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1797. Mamaye, Mary Wollstonecraft, mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake, alifariki siku 11 baadaye kwa homa ya uzazi. Akalelewa na babaye, William Godwin, mwanafalsafa aliyeitukuza akili. Mwaka 1814, akiwa na umri wa miaka 16, alitoroka na mshairi Percy Shelley, aliyekuwa na mke tayari. Godwin akamfungia binti yake mlango.

Katika upweke huo Mary alijifungua mtoto wa kike tarehe 22 Februari 1815, kabla ya miezi kutimia. Asubuhi ya tarehe 6 Machi aliamka akamkuta amekufa. Hata jina la mtoto huyo hatulijui. Siku iyo hiyo alimwandikia rafiki yao, Thomas Hogg, akimsihi aje, maana Percy alichelea kwamba maziwa yangemletea mama homa. Hogg alikuja, akashinda naye katika mazungumzo. Majuma mawili hayajatimia, Mary aliandika katika shajara kwamba ameota mtoto kafufuka: kumbe alikuwa amepatwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akaishi.

Mengine yalifuata. Clara alifia Venice Septemba 1818, akiwa na umri wa mwaka mmoja. William, wa miaka mitatu, alifia Rome Juni 1819. Godwin, ambaye sasa walikuwa wamepatana, alimwandikia binti yake kwamba wanaozama muda mrefu katika majonzi ya namna hiyo ni watu wa kawaida, na kwamba akiendelea hivyo hata walio karibu naye watakoma kumpenda. (Yafaa kuongeza kwamba wakati huo mzee alikuwa akimwandama Percy kwa fedha.)

Kwa umbo, hiyo ni barua ya faraja. Kwa kazi inayoifanya, ni shtaka. Nasi tunayo ya kwetu. Mwalimu mwenzetu akirejea kazini baada ya kumzika mtoto mchanga, tunamwambia Mungu atampa mwingine. Nia ni njema, lakini sentensi hiyo inamruka aliyekufa. Neno letu fupi, pole, halidai jibu wala halitoi hoja. Sijui kwa nini tunaliona halitoshi.

Mary alimpata huyo mwingine. Percy Florence alizaliwa Novemba 1819, naye peke yake ndiye aliyemzika mamaye mwaka 1851. Hata hivyo, akiwa na kichanga hicho, Mary alikuwa angali akiandika Mathilda, hadithi ya binti aliyezama katika huzuni. Mwaka 1820 aliupeleka mswada kwa babaye ili auchapishe. Godwin aliuzuia, na alipoombwa aurudishe akakataa. Ulichapishwa mwaka 1959.