Tamagno, tenori aliyempa Otello sauti

Katika kwaya za makanisa na shule, kuanzia Kocholia na Malaba hadi Busia, waimbaji wa tenori huwa wachache, na aghalabu hujulikana kwa majina. Asiyeweza kupanda juu huhamia besi bila kelele. Katika opera, tenori nao hugawanyika. Wapo wenye sauti nyororo, waimbao mapenzi na huzuni. Na wapo wachache zaidi wenye sauti nzito na kali, inayoweza kuipita okestra nzima pasipo kipaza sauti. Kundi hili la pili, la tenori wa tamthilia nzito, kwa muda mrefu lilipimwa kwa mtu mmoja: Mwitaliano Francesco Tamagno.

Alizaliwa mjini Turin tarehe 28 Desemba 1850, katika nyumba yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa na mkahawa. Kijana aliingia kwanza katika kwaya ya ukumbi wa Teatro Regio, akasimama nyuma ya waimbaji wakubwa kama wanavyosimama wengi ambao hawasikiki tena. Mwaka 1874, huko Palermo, alipewa nafasi ya mbele katika opera ya Giuseppe Verdi iitwayo Un ballo in maschera, na tangu siku hizo hakurudi nyuma.

Miaka mitatu baadaye alifika La Scala ya Milan, ukumbi ambao kila mwimbaji wa Italia aliuota. Nafasi aliyoanza nayo ni ya kuchekesha kidogo kwa msomaji wa Afrika Mashariki: aliigiza Vasco da Gama, katika opera ya Meyerbeer ihusuyo mwanamke wa Kiafrika. Mtunzi hakujali sana jiografia. Malkia Selika, mpenzi wa baharia huyo, hajulikani vyema kama ni wa Afrika au wa ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na rubani aliyemwongoza da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498 hatajwi. Lakini wasikilizaji wa Milan hawakwenda kujifunza historia. Walikwenda kumsikia Tamagno.

Sauti yake ililinganishwa na tarumbeta. Hakuwa msomi wa muziki, na wakosoaji hawakuona ndani yake ustadi wa kupamba maneno. Nguvu ndiyo iliyokuwa mtaji wake, na hapo ndipo penye kisa.

Verdi, aliyekuwa amekwisha kumtumia katika opera mbili zilizoandikwa upya, Simon Boccanegra mwaka 1881 na Don Carlo mwaka 1884, alikuwa hajatoa opera mpya tangu Aida, iliyoonyeshwa Cairo mwaka 1871. Sasa alikuwa mzee wa miaka 73, na mkononi alikuwa na Otello, iliyotokana na tamthilia ya Shakespeare kuhusu jemadari Mwafrika anayedanganywa hadi akamuua mkewe. Mlango wa kwanza wa jemadari huyo unataka sauti ya radi: anashuka kutoka merikebuni katikati ya dhoruba, anatangaza ushindi kwa muda usiotimia dakika moja, kisha anaondoka. Tenori wengi wameshindwa hapo hapo. Hofu ya Verdi haikuwa juu ya mlango huo. Aliogopa mwisho wake, pale ambapo Otello aliyevunjika huimba kwa unyonge kando ya maiti ya Desdemona. Mwenye sauti ya tarumbeta angeweza kunong'ona?

Mtunzi alimfundisha mwenyewe, neno kwa neno, na inasimuliwa kuwa alimwonyesha hata namna ya kuanguka na kufa jukwaani. Tarehe 5 Februari 1887 Otello ilifunguliwa La Scala, Franco Faccio akiongoza okestra, Victor Maurel akiwa Iago na Romilda Pantaleoni akiwa Desdemona. Miongoni mwa wapiga selo alikuwamo kijana Arturo Toscanini. Ushindi ulikuwa mkubwa, na Tamagno akawa Otello wa dunia: London mwaka 1889, kisha New York katika msimu wa 1894 na 1895, mbali na safari zake za Amerika ya Kusini.

Tamagno aliuchora uso wake kuwa mweusi, na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo kwa zaidi ya karne moja. Ukumbi wa Metropolitan wa New York uliacha desturi hiyo mwaka 2015. Ni jambo la kutafakari kwamba mojawapo ya nafasi kuu za Mwafrika katika opera iliundwa kwa koo la mtoto wa Turin.

Maradhi ya moyo yalimlazimu kupunguza kazi mapema. Mwezi Februari 1903 wataalamu wa kampuni ya gramafoni walimfuata nyumbani kwake Ospedaletti, pwani ya Italia, wakanasa sauti yake kwa piano tu. Mwaka mmoja kabla yake Waingereza walikuwa wameuhamisha upande wa mashariki wa Uganda chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki, jambo lililoandaa mpaka tunaouvuka leo Malaba na Busia. Tamagno, aliyesifika kwa ubahili, hakukubali malipo ya mara moja: alidai pia sehemu ya bei ya kila santuri iliyouzwa, jambo geni kwa wakati huo.

Santuri hizo zina mikwaruzo mingi, na mwenye sauti alikwisha kuwa mgonjwa. Hata hivyo kile kifo cha Otello kimo, na kimeimbwa polepole, kwa upole ambao Verdi aliuogopea.

Tamagno alifariki Varese tarehe 31 Agosti 1905, akiwa na umri wa miaka 54, akamwachia binti yake Margherita utajiri mkubwa. Alizikwa Turin.